Maswali ya Wasomaji: Mpaka ukikazwa, watu hupitia wapi?

SWALI: Mhariri, huku Kongwa hatujasahau Waethiopia zaidi ya 40 waliokutwa wamekufa Chitego, Juni 2012, baada ya kufungiwa kwenye lori. Doria zikiongezwa mipakani, biashara hii ya kuvusha watu kimagendo si itakwisha?

JIBU: Kwa doria peke yake, hapana. Marekani wamelijaribu hilo. Mwaka 1993 askari walipangwa kandokando ya mpaka na Meksiko katika mji wa El Paso; mwaka 1994 ikawa zamu ya mji wa San Diego. Waliozoea kuvukia mijini wakahamia jangwa la Arizona. Huko anayetembea juani anahitaji maji takriban lita 8 kwa siku. Safari ya siku 4 ni lita 32, yaani kilo 32 mgongoni! Watu hubeba kidogo, maji huisha njiani, joto huwaua.

Jangwani huendi bila mtu anayejua njia, na mtu huyo akapandisha bei. Vibarua wa mashamba waliokuwa wakirudi Meksiko msimu ukiisha wakaona kuvuka tena ni gharama na hatari, wakabaki hukohuko na kuwaita wake na watoto.

Wauza unga nao hawakulala. Kokeini ya Kolombia ilipobanwa Karibi na Florida miaka ya 1980, ilizidi kupitia Meksiko, na magenge yakazidi kujimilikisha njia za mpakani. Mhamiaji anayepita huko hutozwa. Asiye na kitu huweza kutekwa. Agosti 2010, San Fernando, jimbo la Tamaulipas, genge la Zetas liliua wahamiaji 72. Ajabu ni kwamba fentanili, dawa kali ya kulevya, nyingi huingia Marekani kwa magari, kupitia vituo halali vya forodha. Ukuta wa mpakani hauigusi.

Njia yetu, kutoka Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, kuelekea Afrika Kusini, haina tofauti kubwa. Vizuizi vikiwa vingi barabarani, wakala huwatoa watu kwenye basi na kuwaficha ndani ya bodi la lori lililofungwa, lisilopitisha hewa.

SWALI: Mimi ni utingo, lori letu ni la Dodoma–Iringa. Nikisikia watu wanagonga ndani?

JIBU: Fungua milango kwanza, kabla hata ya kushika simu. Mwenye fahamu mpe maji kidogokidogo. Aliyezimia mlaze ubavu, usimnyweshe kitu. Kisha piga 112. Kabla ya safari andika namba ya sili, ile lakiri ya mlangoni, uilinganishe kila mnaposimama. Ikiwa imekatwa au namba si ileile, lori lisiondoke.