Kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya kozi ya wiki tatu

Mdogo wangu, umesema unamaliza mwaka wa nne wa sheria hapo Mlimani, na mama yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika uende kozi ya kiangazi The Hague, Uholanzi. Kiwanja kisiuzwe, tafadhali. Ile Akademia ya Sheria ya Kimataifa, inayofundisha tangu 1923, ina ufadhili. Omba huo kwanza. Ukikosa, mwaka mwingine upo.

Kozi yenyewe ni nzuri, tena sana kama unapenda sheria za kimataifa. Ila cheti chake hakikupi uwakili, Law School, ile shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii, bado inakungoja.

Usichelewe kwenye viza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima iwe ya angalau yuro 30,000. Halafu taarifa ya benki! Mimi mjomba aliniingizia milioni tano kwa mkupuo, siku mbili kabla sijaichapisha. Nikanyimwa viza, pesa ya ghafla hivyo inatia shaka. Mara ya pili niliambatanisha barua yake ya udhamini na hati zake za mshahara za miezi mitatu, nikapata.

Na beba sweta, mwezi wa saba kule jioni kuna upepo wa baridi.