Kiangazi kikiingia, usiandike "hakuna samaki"

Mwezi wa nane mtafika kwenye bwawa la msimu mkute udongo uliopasukapasuka. Wanafunzi wengi wakiona hivyo huandika daftarini: hakuna samaki. Nawaombeni sana, ninyi mnaoanza kazi ya uwandani mwaka huu, andikeni mlichokiona, yaani hakuna maji. Habari ya samaki inataka uchunguzi wake.

Anzeni kwa kumsoma kamongo, samaki mwenye mapafu. Yule wa Ziwa Victoria ana maji mwaka mzima, kwa hiyo ni nadra ajizike. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Protopterus annectens, ndiye anayeishi kwenye mabonde ya mafuriko yanayokauka. Maji yakipungua anauma matope, anayatoa kupitia mashavu, anazidi kushuka mpaka apate chumba chake. Humo anageuka kichwa kikawa juu, anajikunja mkia ukamfunika macho, na ute wa ngozi yake unakauka ukawa kifuko kinachombana mwili mzima. Tundu linabaki moja tu, mdomoni, la kupitishia hewa iendayo mapafuni.

Hapo wengi huuliza, "Sasa anakula nini?" Anatumia misuli yake mwenyewe. Swali hilo ni zuri, lakini kuna jingine ninalotaka mjizoeze kuanza nalo kwa kila mnyama wa kiangazi: maji yake anayatunzaje, na taka zake zinakwenda wapi? Kamongo akiwa majini hutoa amonia, taka ya mwili yenye sumu, maji yakaichukua. Ndani ya kifuko hakuna cha kuichukua, na amonia ikijikusanya mwilini inaua. Basi anaigeuza kuwa urea, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, anakaa nayo mpaka mvua zinyeshe ndipo aitoe. Homer Smith, Mmarekani aliyebobea katika figo, aliandika juu ya kamongo tangu 1930, na kwangu mimi hili ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Ukilielewa, hata chura anayejifungia ndani ya tabaka za ngozi yake hatakusumbua.

Jambo la pili: msidhani usingizi mrefu kama huo wa kamongo lazima uendane na mwili baridi. Madagaska kuna lemuri, mnyama wa mitini wa ukoo wa nyani, mdogo anayeweka mafuta mkiani, Cheirogaleus medius, ambaye hulala hadi miezi 7 ndani ya pango la mti. Pango likiwa halizuii joto, joto la mwili wake hupanda na kushuka kufuata joto la siku, pengine kupita nyuzi 30, naye kalala vilevile.

Halafu jifunzeni kutenganisha mnyama aliyelala na kizazi kilicholala. Kwenye madimbwi ya msimu ya Tanzania na Kenya kuna samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, madume yao yana rangi za kupendeza mno. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa. Kinachobaki ni mayai ndani ya udongo, na viinitete, yaani watoto wanaoanza kuumbika ndani yake, vimesimamisha kukua. Mvua ya kwanza haiyaangui yote. Mengine hungoja, kwa kuwa mvua hiyo inaweza kukatika mapema. Kwa hiyo ukichimba usitafute mwili mkubwa tu. Chukua na udongo wenyewe, uweke alama ya mahali na kina.

Mwisho ni habari ya kutangaza kifo. Mwaka 1846 konokono wa jangwani kutoka Misri aligundishwa kwenye kadi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, akidhaniwa gamba tupu. Mwaka 1850 waliona dalili za ute, wakamtia kwenye maji ya uvuguvugu, akatoka. Ukimwokota konokono aliyeziba mlango wa gamba lake, usiutoboe utando ule, ndio unaomhifadhia maji. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile, andika joto la chumba, na siku utakayomlowesha kaa naye mpaka pembe zitokeze, uandike na saa.