Jibu: Filamu ya vijana wanaozunguka Mombasa usiku

Ndugu yangu, umeuliza iwapo filamu yako ya hali halisi kuhusu vijana wanaotembea Mombasa usiku ianzie Fort Jesus, kwa kuwa ndiko kunakojulikana zaidi. Kwa maoni yangu, isianzie huko. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni nzuri, lakini kuta zake hazitakueleza vijana wa leo wanaishije. Anzia vichochoroni mwa Mji wa Kale baada ya sala ya Isha, wakati watu wamekaa barazani na muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe vyake. Sauti hiyo uinase kwa maikrofoni ya pembeni, maana upepo wa baharini utaimeza. Taa kali usiwashe kabisa, kwani mwanga wa duka la kona unatosha, na watu hawatageuka waigizaji. Wazee wa mtaa uwaombe ruhusa mchana, kwa sababu kamera inayopita usiku mbele ya milango iliyo wazi huona hadi ndani ya nyumba za watu. Kisha wafuate vijana hadi Likoni, ambako feri huvusha watu usiku kucha.