Mjomba, gari ninalo, ila kazi yangu ndiyo inayopandisha bima

Mjomba, shikamoo. Swali lako la kwenye grupu la ukoo nimelisoma, na vicheko vilivyofuata nimeviona. Umeuliza: gari ninalo, leseni ya Uingereza ninayo, kwa nini jioni nisisambaze vyakula kama wanavyofanya wenzangu, badala ya kusingizia bima? Na mdogo wetu akija kusoma huku, kwa nini tusilitumie kwa zamu, mchana mimi, usiku yeye? Nakujibu bila kupaka rangi, maana najua hela ya korosho ya msimu huu umeshaanza kuipigia hesabu hapo.

Gari lenyewe huku si kitu. Hiki kigari changu nilikinunua kwa bei ambayo hapo nyumbani hata bandarini kisingetoka. Bima ya mwaka wa kwanza ndiyo ilinitoa jasho, ilizidi bei ya gari.

Hapo Mtwara ukienda kwa wakala wa bima anataka kadi ya gari na hela. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayomlipa uliyemgonga tu, 118,000 na VAT humohumo, bima kubwa, inayolipa na gari lako, asilimia 3.5 ya thamani ya gari, umemaliza. Uwe daktari wa hospitali ya Ligula, uwe mvuvi wa Mikindani, hakuna anayekuuliza. Huku wanaanza na wewe mwenyewe: umri, mtaa unaoishi, gari linalala wapi, una leseni yao tangu lini. Miaka yote niliyoendesha Mtwara mpaka Masasi haikunipunguzia hata senti. Na usidhani ningejiokoa kwa kukata bima ndogo. Mara nyingi huku bima ndogo ina bei kubwa kuliko bima kubwa, kwa sababu waliokuwa wakiikimbilia ni madereva wenye ajali nyingi, kampuni zikaishtukia.

Halafu wanafika kwenye kazi. Unaandika herufi mbili tatu kwenye simu, inashuka orodha ndefu ya kazi, unachagua moja, bei inatoka. Ukisema mpishi unapata bei hii, ukisema msaidizi wa jikoni unapata nyingine, na gari ni lile lile, dereva ni yule yule. Mwanamuziki, mwandishi wa habari, mhudumu wa baa, mtu asiye na kazi: kila mmoja na mzigo wake, kutegemea kampuni imewalipia watu wa aina hiyo ajali ngapi. Mimi naona kuna uonevu ndani yake. Mtu makini anabebeshwa makosa ya watu asiowajua. Lakini ni halali.

Sasa kazi yangu. Mnajua nahudumia wazee majumbani. Asubuhi namwogesha mzee mmoja na kumvalisha, natoka hapo naenda kwa bibi anayetakiwa kunywa dawa baada ya chai, kisha kwa mwingine upande wa pili wa mji, mpaka giza. Bima ya kawaida inakuruhusu kwenda sokoni, kutembelea watu, na kwenda kazini kama kazi yako iko sehemu moja. Ukianza kuzunguka nyumba hadi nyumba kwa ajili ya kazi, gari linahesabika liko kwenye biashara, hata kama umebeba glavu na aproni tu. Mwajiri wangu haniruhusu kuanza mzunguko kabla hajaiona karatasi ya bima yenye matumizi hayo. Kampuni mbili tatu zilinikatalia hapohapo, nyingine zikaongeza bei. Niliyonayo sasa ndiyo iliyobaki.

Kusambaza vyakula ni daraja jingine kabisa, juu ya hilo. Ni bima ya kubeba vitu vya watu kwa malipo, na kampuni nyingi za kawaida hazitaki hata kuisikia. Wana sababu zao: ni usiku, ni haraka, unaingia mitaa usiyoijua huku jicho moja liko kwenye simu, unasimamisha gari popote ili pizza isipoe. Zipo kampuni zinazouza bima hiyo kwa mwezi au hata kwa saa, na nimepiga hesabu. Jumamosi usiku inalipa kidogo. Jumanne ya mvua unakaa nje ya mgahawa unasubiri oda, saa inasoma, na ulichopata kinaishia kwenye bima na mafuta.

Mjomba, hili si geni kwako. Ile Noah yako ina namba za njano, na bima uliyoikata ni ya gari binafsi. Siku za mnada wa korosho unapopakia watu wa Newala na kila mmoja anatoa nauli, unajua wazi kwamba ikianguka pale milimani kampuni ya bima itakuuliza abiria walitoka wapi. Tofauti ni kwamba hapo ukikutana na trafiki mnaweza kuzungumza. Huku kamera inasoma namba ya gari likiwa kwenye mwendo, inaangalia kwenye kumbukumbu za bima, na polisi anakusimamisha akiwa na jibu tayari.

Wapo wanaodanganya, sitaficha. Mtu anajaza kuwa anafanya kazi ghalani, jioni anaingia kwenye programu ya simu ya kusambaza vyakula. Huyo msambazaji anayesifiwa kwenye grupu mimi simjui, labda karatasi zake ziko sawa. Lakini kukamatwa huna bima ya matumizi hayo ni sawa na kukamatwa huna bima kabisa: faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na wanaweza kulichukua gari palepale barabarani. Ukipelekwa mahakamani faini haina kikomo. Na aliyepata leseni ya huku hajatimiza miaka 2, akifikisha pointi 6 leseni inafutwa, anaanza upya na mtihani wa maswali kama mtoto wa shule. Ukigonga mtu, kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia, kisha ikakugeukia wewe irudishiwe hela yake. Baada ya hapo kila unapoomba bima unakuta swali: umewahi kufutiwa bima? Ukijibu ndiyo, wengi wanafunga mlango.

Kuhusu dogo, naomba mnielewe vizuri hapa kabla hamjauza chochote. Viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu inamruhusu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na haimruhusu kujiajiri. Wasambazaji wa hizi programu wanahesabika wamejiajiri. Kwa hiyo hata kama ningempa gari bure na bima juu, hiyo kazi kwake ni marufuku, kwa gari au kwa baiskeli. Akikamatwa, kinachoondoka ni viza, pamoja na ada mliyolipa.

Kumwingiza kwenye bima yangu kama dereva wa pili inawezekana kihalali. Leseni ya Tanzania ataitumia miezi 12 tangu aanze kuishi huku, baada ya hapo lazima afanye mitihani yao, maana yetu hawaibadilishi. Ila wataniuliza umri wake na kazi yake, na kijana mwanafunzi mgeni ni bei ambayo siiwezi. Aliyependekeza niandikwe mimi dereva mkuu wakati mwendeshaji atakuwa yeye, huo nao ni udanganyifu, wanaujua siku nyingi, na ajali ikitokea ndilo jambo la kwanza wanalolichimba.

Hela ya korosho, kama bado mnataka aje, iwekwe yote kwenye ada na chumba. Msitenge ya gari wala ya bima. Atafute kazi ya kuajiriwa ndani ya hizo saa 20, dukani au jikoni, kuulizia nitamsaidia. Baiskeli ya kwendea chuo nitamnunulia mimi, huku si lazima kuikatia bima.