Kisigino cha Italia: maswali yenu kuhusu Puglia

Puglia ni mkoa wa kusini-mashariki mwa Italia, ile sehemu ambayo kwenye ramani inafanana na kisigino cha buti. Nimechagua maswali machache kati ya mliyoleta.

Nina siku saba. Nataka kuona Bari, Alberobello, Matera, Lecce na Otranto. Zitatosha? (Msomaji, Nairobi)

Zitatosha kwa kupiga picha. Kwa kuona, hapana. Matera yenyewe iko mkoa wa jirani, Basilicata, na makao yake ya mapangoni yanataka siku nzima na usiku wake. Ningekushauri ulale sehemu mbili tu: siku tatu Monopoli au Polignano a Mare, ambako treni ya kwenda Bari huchukua muda usiozidi saa moja, kisha siku nne Lecce. Ukiwa Lecce, tenga siku moja kwa Otranto. Ndani ya kanisa kuu la mji huo, sakafu nzima ni picha ya vijiwe vya rangi iliyotengenezwa kati ya 1163 na 1165 na mtawa aliyeitwa Pantaleone. Ni mti mkubwa unaobebwa na tembo, na katika matawi yake wamo Adamu na Hawa, Nuhu na safina yake, hata Aleksanda Mkuu. Usiipitie mbiombio.

Ufukwe upi ni mzuri kuliko yote? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yangu, wewe wa mwambao utanielewa upesi: uliza kwanza upepo. Rasi ya Salento, ncha ya kusini ya Puglia, ina bahari mbili, Adriatiki upande wa mashariki na Ionia upande wa magharibi. Ukivuma tramontana, upepo wa kaskazini, Adriatiki huchafuka na wenyeji huhamia Porto Cesareo, Gallipoli au Pescoluse, ambako maji hutulia. Ukivuma sirocco kutoka kusini-mashariki, mambo hugeuka, na watu hukimbilia Otranto na Torre dell'Orso. Kutoka bahari moja hadi nyingine kwa gari ni kama saa moja. Kwa hiyo usilipie kiti cha ufukweni cha wiki nzima kabla ya kujua hali ya hewa.

Na kulipia si lazima. Sehemu zenye miavuli iliyopangwa safu ni za biashara, lakini ukikuta maandishi *spiaggia libera*, tandika taulo yako bila kumlipa mtu. Pwani ya Adriatiki ina mawe na majabali mengi, basi beba viatu vya majini. Na kama unaweza, kwepa wiki za katikati ya Agosti: tarehe 15 ni sikukuu ya Ferragosto, na Waitaliano karibu wote wako baharini. Juni na Septemba ndiyo miezi yangu.

Sisi ni Waislamu. Tutakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Mtakula vizuri, dada, maana chakula cha asili cha huku ni cha wakulima na wavuvi. Kuna *fave e cicoria*, maharage makavu yaliyopondwa yakaliwa na mboga chungu na mafuta ya zeituni, na samaki wa kuchoma tele. Katika bandari ya zamani ya Bari mtawakuta wavuvi wakimpiga pweza kwenye mawe ili alainike, kama kwetu, ila wao humla mbichi. Angalieni vitu viwili vinavyoonekana havina neno: *taralli*, vile vipete vikavu vya unga, kwa kawaida hutiwa divai nyeupe, na *pasticciotto*, keki maarufu ya Lecce, kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni kila mara neno *strutto*, ndilo jina la mafuta hayo ya nguruwe.

Nikodi gari au nipande treni? (Msomaji, Dodoma)

Miji mikubwa ya pwani, treni. Vijiji vya ndani, gari, hasa Jumapili, ambapo usafiri wa umma hupungua mno. Beba kibali cha kimataifa cha kuendesha pamoja na leseni yako, na usiingize gari palipoandikwa ZTL, yaani sehemu za mji zilizofungiwa magari yasiyo na kibali. Kamera hukunasa, faini hukufuata hadi nyumbani.

Viza je?

Ni ya Schengen: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anza mapema.

Nimesikia mizeituni ya huko imekufa. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

Ni kweli, na inauma kuiona. Bakteria aitwaye Xylella aligunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013. Mdudu mdogo humbeba kutoka mti hadi mti, na bakteria huyo huziba mishipa ya maji mpaka mti ukakauka. Mamilioni ya mizeituni ya Salento imekufa, mingine ya karne nyingi. Ukitoka Lecce kwenda kusini utapita mashamba ya kijivu kilomita kwa kilomita. Lakini usiyakwepe. Kando yake utaona miche ya Leccino na Favolosa, aina zinazostahimili ugonjwa huo, na wakulima wengi huuza mafuta shambani. Nunua kwao.