Setilaiti haioni kisima chako, mkuu

Mkuu, umeuliza kama umlipe jamaa anayedai atakuonyesha kwa setilaiti pa kuchimba kisima kwenye ekari zako tano za Chamwino. Shika hela yako kwanza. Mimi nimeshaliwa hivyo hivyo.

Ni fundi pampu, miaka kumi na mitatu nazunguka visima vya Dodoma. Kuna kampuni ilituuzia "ramani ya maji" ya kijiji, bluu imekolea mpaka unasikia kiu. Tukashuka mita 120, tukatoa vumbi tu. Baadaye mwanangu anayesoma jiolojia akanikalisha kwenye kompyuta, ndipo nikajua ile bluu imetokea wapi: vipimo vya setilaiti za GRACE, zinazopima mvutano wa dunia.

Setilaiti za GRACE zilirushwa 2002, mbili, moja nyuma ya mwenzake kama kilomita 220. Kazi yao si kupiga picha, ni kupimana umbali. Ya mbele ikikaribia penye uzito mkubwa huvutwa, pengo linapanuka. Ya nyuma ikifika huvutwa nayo, pengo linarudi. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele! Na kwa kuwa maji yana uzito, ukilinganisha mwezi kwa mwezi unajua wapi yanapungua. Ndivyo ilivyoonekana kwamba Punjab, Haryana na Rajasthan kule India zilipoteza zaidi ya kilomita za ujazo 100 za maji ya chini kati ya 2002 na 2008, hasa kwa kumwagilia mashamba. Setilaiti hizo zilistaafu 2017, warithi wao GRACE-FO wakaendeleza kuanzia 2018.

Sasa shida. Jicho lao linaona eneo la kilomita mia tatu hivi kila upande, na linapima kila kitu pamoja: unyevu wa udongo, mabwawa, maji ya chini. Ni sawa na kupitisha lori kwenye mizani ya barabarani ukitaka kujua uzito wa kiroba kimoja. Ekari tano hazimo kabisa.

Setilaiti za rada ni habari nyingine, hizo husaidia kujua pa kutafuta. Lakini kumbuka Turkana, Kenya: 2013 ilitangazwa hazina kubwa ya maji Lotikipi, visima vya majaribio vilipokuja yakakutwa ya chumvi.

Mimi naamini dipa, utepe wa kupimia maji yako mita ya ngapi kisimani. Alfajiri, kabla pampu haijawashwa, unateremsha ule utepe taratibu, ukigusa maji unalia tiii, unabana kidole gumba kwenye mdomo wa bomba, unasoma. Kwenye visima vya Makutapora, hapa Dodoma, wanapima kina cha maji tangu miaka ya 1950, na vipimo hivyo ndivyo vilivyotufundisha kwamba maji ya chini hapa hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Kwa hiyo kisima kilichopimwa mwaka wa mvua kinaweza kukudanganya.

Tafuta mtu wa terameta, kifaa kinachopitisha umeme ardhini kukisia maji yalipo, aje shambani kwa miguu yake. Kabla ya hapo, nenda kwa jirani mwenye kisima, muulize alishuka mita ngapi, na mwezi wa kumi maji yanakaa mita ya ngapi. Leta namba hapa tuzitazame.