Swali fupi, jibu gumu: kwa mnaoanza kuripoti siasa kwenye televisheni

Wengi mnaokuja dawati la siasa mnakitamani kiti cha mahojiano. Haya, lakini kazi ya kiti hicho hufanyika kabla taa za studio hazijawashwa.

Mwanasiasa huja na mambo mawili matatu aliyokwisha kuyakariri, na atayasema uulize usiulize. Ukimwuliza "unasemaje kuhusu bajeti?" umemkabidhi jukwaa. Tafuta alichosema bungeni, kura aliyopiga, tarehe yake. Tim Russert, aliyeendesha Meet the Press, kipindi cha mahojiano ya kisiasa cha televisheni ya NBC ya Marekani, kuanzia 1991 hadi alipofariki 2008, alijijengea jina hivyo: anamwekea mgeni kauli yake ya zamani kwenye skrini, kisha anamtaka aieleze. Hapo huna sababu ya kupandisha sauti.

Swali lenye vipande vitatu ni zawadi; mgeni atajibu kile chepesi na kuvisahau vingine. Mei 1997, Jeremy Paxman wa BBC alimwuliza Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake. Howard akazunguka mbuyu. Paxman akarudia swali lile lile, zaidi ya mara kumi. (Baadaye alisimulia kwamba taarifa iliyofuata haikuwa tayari, ikabidi avute muda!) Vijana wengi humwiga vibaya. Swali lile lilikuwa la ndiyo au hapana, na mtazamaji alijua hivyo. Ukimng'ang'ania mtu namna hiyo kwenye suala la sera, unaonekana mgomvi tu.

Halafu sikiliza. Mtayarishaji anakuambia sikioni "sekunde thelathini", macho yako yameshakimbilia swali la mwisho kwenye karatasi, na wakati huo huo waziri anateleza: "hata kabla ya kikao tulikuwa tumeshaamua." Achana na karatasi. Mwulize: "Nani aliamua?" Ukinyamaza baada ya hapo, ni nadra mtu akaustahimili ukimya mbele ya kamera.

Usiku wa matokeo, mashindano ya kutangaza kwanza ni ugonjwa. Novemba 2000, kwenye uchaguzi wa rais, vituo vikubwa vya Marekani vilimpa Al Gore ushindi wa jimbo la Florida, vikamnyang'anya, vikampa George W. Bush, vikarudi nyuma tena kabla hapajakucha. Tofauti rasmi ilikuja kuwa kura 537. "Bado hatujui" ni habari, itangazeni.

Kuhusu vyanzo: kubalianeni kama anaweza kunukuliwa kabla hajafungua mdomo. Akikuambia "hiyo usiiandike" baada ya kusema, mnaanza kubishana, na uhusiano ndio unaoumia.

Na ukipanda msafara wa mgombea, nauli na malazi yako yalipwe na ofisi. Ikishindikana, mtazamaji aambiwe nani kalipa.